Kizito Kikae Chini: Kubeba Vitu na Kukaa Vizuri kwenye Kiti cha Magurudumu, Migori na Homa Bay

Begi la mgongoni likitundikwa kwenye vishikio vya nyuma vya kiti cha magurudumu huonekana limepata mahali pake. Mikono inabaki huru kusukuma na mapaja yanabaki wazi. Shida huanza kwenye mwinuko. Tia ndani ya begi hilo pakiti mbili za unga, lita mbili za mafuta ya kupikia na gorogoro ya omena, kisha upande kutoka ufukweni Homa Bay kuelekea upande wa kilima cha Asego, au utoke darajani kwenye mto Migori kurudi juu mjini. Magurudumu madogo ya mbele yatainuka, na usipowahi kuinama mbele utaanguka chali, kisogo kikitangulia.

Kiti kimesawazishwa kwa uzito wa mwili wako, na mwili huo hukaa mbele kidogo ya ekseli ya magurudumu makubwa. Chochote kinachoning'inia nyuma ya ekseli hiyo kinavuta kiti nyuma, na kadiri kinavyokuwa juu na mbali ndivyo kinavyovuta zaidi. Kwenye mwinuko mwili wenyewe umeshaegemea nyuma, kwa hiyo begi linamalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Hata mahali tambarare kuna hatari: ukihamia kwenye benchi au kitandani, kiti kinabaki na begi peke yake na kupinduka, wakati mwingine mkono wako ukiwa bado umekishika.

Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: kizito kikae chini, karibu na ekseli. Nyuma pabaki kwa vitu vyepesi kama sweta, koti la mvua, leso na daftari.

Kabla ya kutoka na mzigo mpya, fanya jaribio dogo nyumbani. Kaa kitini, mzigo ukiwa mahali utakapokuwa, na mtu asimame nyuma yako akiwa tayari kukudaka. Egemea nyuma taratibu, kisha nyoosha mikono kama anayechukua kitu cha juu. Magurudumu ya mbele yakiinuka, punguza mzigo au usogeze mbele. Kama unapita vilimani kila siku, mwombe fundi wa kuchomelea vyuma akuwekee vigurudumu viwili vidogo nyuma, vinavyoning'inia karibu na ardhi, ili kiti kikianza kupinduka vikidake. Viwe vya kutolewa, maana vitakukwamisha kwenye vizingiti na mitaro.

Mfuko wa chini ya kiti

Pahali pazuri pa kubebea vitu vizito ni chini ya kalio lako. Fundi cherehani yeyote wa Rongo, Awendo, Oyugis au Mbita anaweza kukushonea mfuko wa kukaa hapo kwa turubai au jinzi kuukuu. Mpelekee kiti chenyewe, usimpelekee vipimo vya karatasini, kwa sababu viti havifanani. Mfuko ushikwe na mikanda minne inayozunguka mabomba ya kando ya kiti, miwili kila upande, na kila mkanda uwe na velkro au bizimu ya mkoba ili uweze kuufungua mwenyewe. Mdomo ufungukie mbele, kati ya miguu yako, usije ukahitaji mtu mwingine kila unapotaka kutoa pesa ya vocha.

Kuna mambo mawili ambayo fundi asiyezoea viti hawezi kuyajua usipomwambia. Kiti kinachokunjwa kina vyuma viwili vilivyopishana chini. Mfuko ukae mbele ya vyuma hivyo, la sivyo utakatwa siku ya kwanza kiti kinapokunjwa. Na ukishajaa, mfuko usishuke sana: kati yake na ardhi paingie ngumi mbili zilizopandana. Barabara zetu za ndani zina mawe na matuta, na mfuko unaoburura utakwama juu ya jiwe wakati unavuka lami.

Simu, kitambulisho na pesa zisikae chini wala nyuma. Sokoni watu hubanana, na mgongo wako hauna macho. Mfuko mdogo bapa wa kuvaa shingoni, ndani ya shati, ndio salama zaidi. Wa pili kwa ubora ni mfuko mwembamba ulioshonwa upande wa ndani wa mkono wa kiti, kati ya paja na bati la kando, bora usiwe na kitu kigumu cha kukandamiza nyonga. Kamba zote ndefu zifupishwe au zifungwe fundo. Ukanda wa begi ukiingia kwenye spoki gurudumu husimama ghafla, na aliyekaa huendelea mbele.

Mapajani

Mapaja ndiyo meza ya mtumiaji wa kiti, na ndiyo sehemu inayodhuriwa zaidi na mizigo. Kama huna hisia nzuri miguuni, kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo au mgongo wazi, usiweke kitu chenye joto mapajani. Sufuria ya githeri, chupa ya chai yenye kifuniko kilicholegea, mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti: vyote hivi vinaweza kukuunguza ngozi bila wewe kujua, mpaka jioni unapovua nguo. Chakula cha moto kikae kwenye ubao, na ubao ukae juu ya mikono ya kiti. Seremala atakukatia kipande cha plaiwudi chenye mkato wa nusu duara upande wa tumbo. Gundisha juu yake vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili sahani isiteleze.

Samaki wana usumbufu wao. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, na mifuko ya kitambaa iliyoshika nafasi yake haizuii maji ya ngege aliyetoka ziwani. Maji hayo yakishuka kwenye mto wa kukalia, utakaa kwenye unyevu na harufu kwa siku kadhaa, na unyevu ndio mwanzo wa ngozi kuoza. Nenda sokoni na ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana. Iweke kwenye mfuko wa chini, au mapajani juu ya kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa ili isiteleze. Omena waliokauka hawana tatizo. Gunia dogo linawatosha.

Maji ya nyumbani ni suala gumu zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi bado hutegemea mitungi. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na ukiuweka mapajani uzito wote huo hupita kwenye mifupa miwili ya makalio ambayo tayari imebeba kiwiliwili chako. Tumia mitungi ya lita tano, mmoja mmoja, ukiwa umefungwa kwa mkanda usianguke mbele. Kwa maji mengi lipa mkokoteni au bodaboda. Mimi naihesabu pesa hiyo kuwa ya matibabu, kwa sababu kidonda cha makalio humlaza mtu kifudifudi kwa majuma, pengine kwa miezi, na biashara yake ikalala naye.

Mto, mifupa na ngozi

Mto wa kukalia una thamani kuliko kiti. Kiti kibovu kitakuchosha, lakini mto mbovu unaweza kukuua, kwa sababu kidonda kikifika mfupani huingiza maambukizi kwenye damu. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kitu kigumu hukosa damu, na ikikosa damu kwa saa kadhaa hufa kutoka ndani. Ndiyo maana kidonda cha kukaa huonekana kidogo juu huku chini kumeshakuwa na shimo.

Upo upimaji ambao Shirika la Afya Duniani huwafundisha wanaotoa huduma za viti, nao hauhitaji kifaa chochote. Kaa kitini kama kawaida. Mtu unayemwamini aingize mkono chini ya kalio, kiganja kikitazama juu, mpaka ncha za vidole zifike chini ya mfupa unaochomoza. Akiweza kuchezesha vidole juu na chini, mto unafanya kazi. Akishindwa kuvichezesha lakini akavichomoa kwa urahisi, mto umeanza kuchoka. Vidole vikibanwa mpaka vichomolewe kwa nguvu, usiukalie tena. Apime pande zote mbili, kwa sababu wengi hukaa kwa kuegemea upande mmoja.

Sponji ya godoro hufaa kwa muda, lakini ile nyepesi hubonyea kabisa mapema. Chagua iliyo nzito na ngumu kiasi, kisha uweke tabaka laini juu. Ifunike kwa kitambaa cha pamba kisichonyooshwa kikakaza, maana kifuniko kilichokaza huizuia sponji isibonyee na mwili ukabaki juu juu. Shona vifuniko viwili: kimoja kikiwa kwenye kamba, kingine kiko kazini. Sponji iliyolowa mkojo au mvua ioshwe na ikauke kabisa mpaka katikati kabla ya kukaliwa. Usifunge mto moja kwa moja ndani ya nailoni ukidhani unaukinga. Kwa joto la ukanda wa ziwa, nailoni hukufanya ukalie jasho lako.

Mto mzuri nao hautoshi usipojisogeza. Kila nusu saa inama mbele kifua kikaribie mapaja, au egemea upande mmoja kisha wa pili, ubaki hivyo dakika moja hadi mbili ili damu irudi. Kujiinua kwa mikono kunasaidia pia, lakini wachache wanaweza kukaa juu muda wa kutosha, na mabega unayoyahitaji kusukumia kiti miaka yote ijayo huchakaa. Nashauri kuinama, baada ya kufunga breki na kuhakikisha magurudumu madogo yametazama mbele, kiti kisije kikapinduka nawe. Mwenye kibanda cha kuuza kutwa nzima anaweza kujizoesha kuinama kila redio inapoleta matangazo. Usitegemee kukumbuka tu.

Jioni kagua ngozi kwa kioo, au kwa kamera ya simu: makalio, mkia wa mgongo, nyonga na visigino. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta alama iliyo nyeusi kuliko ngozi iliyo jirani, sehemu yenye joto zaidi, au iliyo ngumu au iliyolegea ukiigusa. Alama ikikaa zaidi ya nusu saa baada ya kuondoka kitini, usiikalie hadi ipotee. Ngozi ikishafunguka nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje majani wala unga wa dawa.

Angalia pia unachovaa. Mfuko wa nyuma wa suruali uwe mtupu: funguo, sarafu na mishono minene ya jinzi hukandamiza mfupa saa zote. Leso iliyokunjamana chini ya paja inatosha kuacha alama. Anayetumia mfuko wa mkojo aufunge chini ya usawa wa kibofu, na mpira wake usipite chini ya paja.

Vikanyagio vya miguu vina uhusiano na haya yote, ingawa watu wachache hulifikiria hilo. Vikiwa juu mno, magoti huinuka na uzito wote hurudi kwenye mifupa ya makalio. Vikiwa chini mno, miguu huning'inia na mwili huteleza mbele. Mapaja yalale sawa juu ya mto, urefu wote. Kwa kawaida ni kulegeza nati moja na spana, kazi ambayo fundi wa baiskeli huimaliza kabla hujamaliza soda.

Jua, mvua na udongo mweusi

Kiti kilichoachwa juani mchana Mbita au Kendu Bay huwa jiko. Kitambaa cheusi cha plastiki na rimu za kusukumia hushika moto wa kuchoma ngozi. Kifunike kwa leso yenye rangi nyepesi, na ukirudi pitisha kitambaa chenye maji kabla ya kukaa. Glovu za ngozi zilizokatwa vidole hulinda viganja dhidi ya joto, na wakati wa mvua dhidi ya matope na kinyesi cha ng'ombe kinachobebwa na magurudumu. Mikono hiyo hiyo ndiyo utakayolia ugali, kwa hiyo chupa ndogo ya maji na kipande cha sabuni visikose kwenye mfuko.

Kunywa maji. Watu wengi hujinyima kwa sababu hawajui watakojoa wapi, hasa safarini, na matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ni bora upange vituo vya mafuta vyenye choo kinachoingilika, uulize kabla hujatoka, kuliko kukaa na kiu kutwa.

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na upande wa Ndhiwa na nyanda za Kendu Bay udongo mweusi ukilowa hujikusanya kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome. Beba kijiti bapa cha kuukwangua. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo huzama kwanza, kwa hiyo mzigo usiwekwe kwenye vikanyagio. Ukiwa na msaidizi, mwambie akigeuze kiti na kukivuta kinyumenyume: magurudumu makubwa yatapita pale ambapo madogo yangekwama. Kwenye mteremko mkali pia shukeni kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini. Koti la mvua liwe fupi na libanwe chini ya mapaja, pindo lisiingie kwenye spoki. Mwavuli mkubwa kama wa bodaboda usiufunge kwenye kiti: alasiri upepo wa ziwa huvuma kwa nguvu, na mwavuli ni tanga.

Probox, bodaboda na feri

Kondakta mwema wa Probox au matatu atakimbilia kukuinua kwa kushika mikono ya kiti, na mikono ya viti vingi huchomoka. Sema mapema, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, shika hapa kwenye bomba, usishike hapo juu." Akishajua, atafanya hivyo kwa abiria wengine. Patana nauli ya kiti kabla hakijafungwa kwenye keria.

Mto usipande keria. Utoe na uukalie ndani ya gari, kwa kuwa viti vya matatu vina vyuma chini na safari ya kwenda Nairobi ni ya saa nyingi. Kila gari likisimama, inama. Vikanyagio vinavyotoka vitoe uingie navyo, vikipotea njiani kiti hakina kazi. Kiti chenyewe kifungwe kwa fremu, si kwa spoki, na kisiwekwe chini ya magunia.

Kwenye bodaboda hatari kubwa kwa asiye na hisia ni bomba la moshi. Mguu ukiligusa hata muda mfupi huungua vibaya. Vaa suruali nene na viatu vinavyofunika kifundo, na miguu ifungwe ikae mbali nalo. Tuktuk ikipatikana, ichague hiyo. Kiti kilichokunjwa hutoshea, na hakuna mtu wa kukimbia nacho nyuma kwenye pikipiki nyingine.

Feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno hupakia magari, kwa hiyo unaweza kuingia ukiwa kitini. Ingia kabla ya magari au baada yake, usiingie katikati yake. Funga breki zote mbili, egesha mgongo wa kiti kwenye ukuta, na kamwe usijifunge kwa mkanda kwenye kiti ukiwa majini. Kwenye boti ndogo ya kwenda visiwani toka kitini kabisa, kaa chini juu ya mto wako, vaa jaketi la kuokolea maisha, na kiti kikae kando kimefungwa peke yake. Chombo kikipinduka, chuma kizame bila wewe.

Kiti chenyewe na tairi zake

Viti vingi vinavyotolewa kwa misaada ni vya korido za hospitali: magurudumu ya mbele madogo, magumu na membamba. Vinakwama kwenye changarawe. Mmarekani Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyeanza kutumia kiti baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, aliongoza usanifu wa kiti cha RoughRider, chenye magurudumu mapana ya mbele yaliyosogezwa mbele zaidi, kwa ajili ya njia kama zetu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, dai umbo hilo, au kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja la mbele. Nchini, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viti, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa vifaa saidizi kwa waliosajiliwa. Ibara ya 54 ya Katiba inakupa haki ya kupata vifaa hivyo, kwa hiyo uliza ukiwa umeinua kichwa, na useme unaishi kwenye njia ya aina gani.

Pima upepo kila wiki. Breki za kiti hubana tairi yenyewe, kwa hiyo tairi ikipungua upepo breki haishiki, na utateleza wakati wa kuhamia kitandani ukidhani umefunga. Beba pampu ndogo, viraka na gundi. Unapokwenda kununua tairi, usimwambie muuzaji "inchi 24" tu. Tairi nyingi za viti zimeandikwa 540 ubavuni, ilhali tairi nyingi za baiskeli za inchi 24 ni 507, na hizi mbili haziingiliani hata kwa nguvu. Nenda na ile kuukuu mkononi, na ununue tyubu mbili, moja ikae kwenye mfuko wa chini.